Tusiuziwe Mbuzi kwenye Gunia: Gari-Nyumba la Ifakara

Wadau, nimepotea kidogo, samahani. Kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu wikiendi mbili zilizopita nilikuwa safarini kwenda Ifakara kwa jambo ambalo sikuwahi kudhani litanihusu: kukagua gari-nyumba. Namaanisha yale magari mnayoyaona kwenye sinema za Marekani, yenye kitanda, jiko, friji na bafu ndani. Kule Ifakara kuna moja linauzwa. Au tuseme kuna kitu kinachouzwa kwa jina hilo.

Yote yalianza kwa simu ya baba mdogo. Amestaafu ualimu, kiinua mgongo chake kimetoka, na kama ilivyo kwa wastaafu wengi, kila mtu mjini sasa ana biashara ya kumshauri. Yeye alikuwa na wazo lake mwenyewe, na si wazo baya. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, lango lake liko Mang'ula, njiani kwenda Ifakara. Watalii wanakuja kupanda mlima, kuona maporomoko ya Sanje na wale nyani wa Sanje ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 tu. Baba mdogo alitaka gari la kifahari la kulala, alikodishe kwa watalii hao. Dalali alimtumia picha kumi na mbili kwa simu. Lori la Benzi lenye pua, usukani kushoto, mwili mweupe kama yai. Bei milioni arobaini na tano, atangulize milioni tano leo hii, "maana kuna Mzungu wa Iringa analitaka kesho asubuhi."

Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Nakuomba usitume hata shilingi. Twende tukalione."

"Marahaba. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini," akajibu. "Unadhani sijui kutazama picha?"

Tulibishana siku mbili. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba nauli natoa mimi. Basi bwana, tukapanda basi.

Kutoka Dar hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 400. Unapita Morogoro, unapita hifadhi ya Mikumi, kisha pale Mikumi mjini unaiacha barabara kuu ya Zambia na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Safari ndefu hivyo ina faida moja kwa mtu anayependa historia. Nilikuwa nimebeba madaftari yangu, na kadiri mashamba ya miwa yalivyopita dirishani ndivyo nilivyozidi kuona kwamba gari letu halikuwa nyumba ya kwanza kusafiri katika bonde hili. Nyumba zinazotembea zimepita hapa kwa zaidi ya miaka mia moja. Na nyingi zimeishia pabaya kwa sababu ileile: mwenye nyumba hakuijua ardhi anayoingia.

Tuanze na swali dogo. Kule Afrika Kusini, walowezi wa karne ya 19 walihama na nyumba zao juu ya mikokoteni mikubwa ya kukokotwa na maksai. Familia ililala humo, ikapikia pembeni, ikazaliana humo. Kwa nini bonde la Kilombero halikuwa na mikokoteni kama ile? Jibu ni mdudu: mbung'o. Vimelea anavyoeneza humuua ng'ombe na farasi kwa nagana, na binadamu humletea malale. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya Tanganyika ya zamani hapakuwa na mnyama wa kukokota kitu. Nyumba ya msafiri ilipanda juu ya kichwa cha mtu. Hema, kitanda cha kukunja, meza, sufuria, hata beseni la kuogea, vyote viligawanywa katika mizigo ya kilo thelathini hivi, na kila mzigo ukapata mpagazi wake. Jioni nyumba inasimamishwa, asubuhi inang'olewa. Mzungu mmoja alihitaji makumi ya watu ili alale vizuri.

Vita Kuu ya Kwanza iliufanya utaratibu huo kuwa janga. Wajerumani walijikita Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, mpaka majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yalipouteka mji huo Oktoba 1917. Kila upande ulikuwa na wapagazi kwa maelfu, wakitembea kwenye matope ya mabonde kama haya bila chakula cha kutosha wala dawa. Waingereza waliita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps. Walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 wakawapigisha kambi wapagazi wao mahali fulani, na wenyeji wakalitamka jina lile kwa ulimi wao: Kariakoo. Mnaliona hilo? Leo ukitaka spea ya gari lolote unakwenda Kariakoo, mtaa uliopewa jina na watu waliofanya kazi ya gari kabla gari halijafika.

Sasa tufike Ifakara kwanza, historia nitairudia.

Tulilala, asubuhi tukachukua fundi wa hapohapo mjini. Mtu wa maneno machache, ana tochi, nyundo ndogo na sumaku aliyoifunga kwa kitambaa. Dalali alikuwa anatusubiri uani, gari limeoshwa, linang'aa. Kweli lilikuwa zuri. Baba mdogo alitabasamu kama bwana harusi. Ndani kulikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko la gesi la mafiga matatu, sinki, friji, kabati za mbao zilizopakwa vanishi, na paneli za sola juu ya paa. Dalali akasimulia: lilikuja na wazee wawili kutoka Ulaya waliokuwa wanazunguka Afrika. Machi 2020 korona ilipofunga dunia, waliliacha kwa rafiki, wakaruka kwao, hawakurudi. Limepumzika tu tangu hapo. "Halijachoka hili," akasema, "limelala usingizi."

Fundi hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. "Umeliwasha saa ngapi?" Dalali akasema amelipasha moto kidogo tu, kwa heshima yetu. Fundi akakaa chini ya mwembe. "Tutasubiri lipoe." Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba injini ya dizeli iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, na moshi wake wa kwanza ndio unaosema ukweli. Muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika ameshakuficha ushuhuda.

Tukasubiri karibu saa mbili, na pale chini ya mwembe nikakumbuka Mradi wa Karanga.

Vijana wengi wa umri wangu hawaujui, na ni aibu, kwa sababu ni kisa kikubwa kuliko vyote vya kununua bila kuona katika nchi hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutazama kama karanga zinaweza kulimwa Tanganyika kwa wingi. Ujumbe ulitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka kwenye ndege. Ukarudi na ripoti ya matumaini, na serikali ikapanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Matrekta mapya hayakupatikana, dunia nzima ilikuwa inajijenga upya. Wakanunua yaliyotumika. Mengi yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, yamekaa kwenye mvua na hewa ya chumvi. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Kwenye karatasi, mashine tele. Zilipofika Kongwa zikakutana na vichaka vyenye mizizi migumu na udongo ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili za matrekta zilikuwa hazifanyi kazi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakubali kushindwa na kufuta zaidi ya pauni milioni 36 za walipakodi wake. Hiyo ni serikali, ina wahandisi, ina wanasheria, ina ndege. Iliuziwa mbuzi kwenye gunia kama mtu yeyote.

Nilimsimulia baba mdogo. Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Mimi silimi karanga," akasema.

Injini ikapoa. Ikawashwa. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, mara ya tano ikashika na kutoa moshi wa bluu uliofunika ua mzima, kuku wakakimbia. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili yake. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili: safi, haina rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia kwenye injini. Hapo baba mdogo akapata moyo. Fundi akapitisha sumaku kwenye bodi. Sehemu za juu ikanata. Kuanzia magotini kushuka chini ikawa inateleza na kudondoka, kila mahali. Chini ya rangi ile nyeupe hapakuwa na bati, kulikuwa na filla.

Akahamia ndani. Akavuta mkanda wa usalama wa dereva mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo huwa haitoki. Mita ya kwanza ilikuwa nyeusi na safi. Iliyofuata ilikuwa ya kahawia, na tope kavu likadondoka mapajani mwake. Halafu akaitoa droo ya chini ya kabati la jikoni, akamulika tochi nyuma yake, akaniita. Kwenye ubao ambao hakuna mtu angeufuta kwa sababu hakuna anayeuona, kulikuwa na mstari. Umenyooka kama umepigwa kwa rula, wa rangi ya udongo, usawa wa magoti.

Mtu yeyote wa Ifakara anaujua mstari ule, upo kwenye kuta za nyumba nyingi. Bonde la Kilombero ni moja ya mabonde makubwa ya mafuriko Afrika Mashariki. Eneo la karibu kilomita za mraba 8,000 liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mito inashuka kutoka Udzungwa kwa kasi, inafika kwenye tambarare, inatulia na kutapakaa. Mto Lumemo unapita pembeni ya mji na ukikasirika unaingia mjini. Mvua za El Niño za mwaka 2023 hadi 2024 ziliwatoa watu wengi majumbani. Gari lililokuwa "limelala usingizi" lilikuwa limelala majini.

Dalali akasema hayo ni maji ya kuoshea. Fundi akamtazama tu.

Wenyeji wa bonde hawajawahi kugombana na maji haya kama wageni. Wandamba walisafiri kwa mitumbwi, na msimu wa mpunga familia nyingi za bondeni huhama. Zinafunga nyumba ya kijijini na kwenda kuishi shambani kwa miezi kadhaa, kwenye kibanda cha miti na nyasi, mara nyingine kilichoinuliwa juu ya nguzo kama dungu, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na kiboko. Mavuno yakiisha wanarudi. Hiyo nayo ni nyumba ya msimu, na haidanganyi: inajengwa na mtu anayejua maji yatafika wapi. Watafiti wa malaria wa Ifakara wamewahi kuchunguza familia hizo, maana kwenye vibanda vya wazi vile mbu ni wengi na hospitali iko mbali. Kitu muhimu kuliko vyote katika nyumba ile inayohama ni chandarua.

Na hao watafiti nao wana historia inayofaa hapa. Mwaka 1949 profesa mmoja wa Basel, Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Uswisi ya Tiba za Tropiki, alifika Ifakara, ambako mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa na misheni. Alikuja kuchunguza wadudu wanaoeneza magonjwa, akiwemo mbung'o wetu. Hakujenga siku hiyo. Alirudi, akakusanya, akauliza, na maabara yake ya Ifakara ikaanzishwa mwaka 1957. Miaka minane! Mwaka 1991 ikawa Kituo cha Ifakara, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya Kitanzania inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Linganisha na wiki tisa za ndege za Wakefield. Miradi miwili, muongo mmoja, nchi moja. Mmoja upo mpaka leo.

Reli ya TAZARA nayo ni hivyohivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Magharibi walisema haifai kiuchumi. Mkataba na China ukasainiwa Septemba 1967, na kabla ya ujenzi kuanza Oktoba 1970 wapimaji walipita porini, wakitembea kwa miguu, wakipima ardhi hatua kwa hatua. Ukitazama ramani utaona reli imejibanza ukingoni mwa milima ya Udzungwa, haikati katikati ya tambarare. Si bahati. Baada ya Mlimba inapanda kuelekea Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja moja baada ya lingine. Wafanyakazi, Wachina na Watanzania, waliishi kwenye kambi zilizohama kadiri reli ilivyosonga mbele. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa na karakana. Ilipokabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 zilikuwa zimekamilika. Treni bado zinapita Ifakara.

Turudi uani. Baada ya ule mstari mimi nilishamaliza, lakini baba mdogo akasema kitu ambacho sikutarajia: "Filla inatolewa, bati linawekwa jipya. Injini inafunguliwa. Nikipunguziwa hadi milioni thelathini, bado." Nikamwelewa. Alikuwa ameshawaambia wenzake wa chama cha wastaafu. Alikuwa ameshachagua jina la kuandika ubavuni. Mtu akishaoa picha, kumwachisha ni kazi.

Kilichomwachisha ni karatasi. Nikamwomba dalali nyaraka. Akatoa bahasha. Hakukuwa na kadi ya gari ya Tanzania, na namba bado ni za kigeni. Kulikuwa na kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, muda wenyewe ukiwa umekwisha zamani. Kwa wasiojua: mgeni anayepita na gari lake halipii ushuru kwa sababu ameahidi atatoka nalo. Likiuzwa hapa, ile ahadi imevunjika. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari lisilolipiwa linaweza kukamatwa popote litakapokutwa, hata likiwa mikononi mwa mtu wa tatu aliyetoa hela yake halali. Na kulilipia sasa? Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, juu yake ushuru wa bidhaa na ule wa uchakavu kwa magari ya zamani. Hati ya mauzo kutoka kwa wale wazee wa Ulaya haikuwepo. Kwa kifupi, dalali alikuwa anauza kitu ambacho hakuweza kuonyesha kwamba ni chake.

Mwalimu wa hesabu alichukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha ileile. Akapiga mara mbili. Akamrudishia dalali bahasha kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Ahsante sana, mwanangu. Gari zuri."

Hakuongea mpaka jioni. Tulichukua bodaboda hadi mtoni, kwenye lile daraja la mita 384 lililopewa jina la Magufuli na kuzinduliwa Mei 2018. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama na abiria na magari. Baba mdogo alishika kingo za daraja, akatazama maji kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Miaka thelathini ya chaki." Basi. Sikumjibu. Milioni tano za utangulizi zingekuwa zimeshakwenda, na nyingine arobaini zingefuata.

Kwa wadau mnaotaka kununua gari lolote lililotumika, si lazima la kulala, fundi wetu alinipa haya bure na mimi nawapa bure. Nenda mwenyewe, na nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Likute injini ya baridi. Vuta mkanda hadi mwisho. Toa droo, inua zulia, nusa. Soma tarakimu nne za tarehe kwenye tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, yale ya Ifakara yalikuwa ya 2013. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, kisha uthibitishe TRA kabla ya kutoa chochote. Na ukiambiwa kuna Mzungu anakuja kesho, mwambie amkaribishe.

Juzi usiku baba mdogo amenitumia ujumbe. Ameona jingine, safari hii liko Iringa, lina kadi. Chini ya picha ameandika: "Fundi yule namba yake unayo? Twende Jumamosi."

Nauli bado natoa mimi. Nyie wenzangu, mmewahi kuuziwa nini bila kukiona? Semeni hapo chini, tusaidiane.